Sauti ya mtoto wa Unguja baada ya miaka 34: nilivyousikia Face It Alone na boksi zima la The Miracle

Nilizima feni kwanza. Ilikuwa Oktoba 2022, mvua za vuli bado hazijaanza, na chumbani kwangu Malindi feni haizimwi mpaka alfajiri. Lakini nilishaambiwa kuwa wimbo unaanza kwa gitaa la chini sana, noti moja moja, na mimi kazi yangu ni kusikia. Nimekata na kuunga sauti redioni zaidi ya miaka thelathini, tangu enzi za wembe na gundi mpaka hizi za kompyuta. Nikavaa hedifoni, jasho likanitoka, nikasikiliza mara tatu mfululizo kabla sijaiwasha feni tena.

Wimbo ni Face It Alone wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, uliotolewa tarehe 13 Oktoba 2022. Anayeimba ni Freddie Mercury, aliyefariki Novemba 1991. Aliuimba mwaka 1988, wakati bendi inarekodi nyimbo za albamu ya The Miracle, ukaachwa kwenye kanda bila kumalizwa. Mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor walijua upo. Walishautazama na kuurudisha kabatini, wakiona haukombolewi, mpaka mafundi wao walipouchukua tena na kuuunga kipande kwa kipande. Ndani yake wamo wote wanne, pamoja na mpiga besi John Deacon, aliyeacha muziki miaka ya tisini na hajarudi. Kwa hiyo anayesubiri Queen wale wanne wakutane tena, mahali palipobaki ni humu kwenye kanda.

Huku kwetu jina la Freddie linajulikana kuliko sauti yake. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi, baba yake mshika fedha wa Mahakama Kuu. Alipokuwa na miaka minane alipelekwa skuli ya bweni India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Tangu 2019 pana makumbusho yake Shangani. Nikipita jioni nawaona wageni wanapiga picha mlangoni, na vijana wetu wa kutembeza watalii wanaijua tarehe yake ya kuzaliwa kwa moyo. Ukimwuliza mmoja wao akuimbie beti moja, anacheka. Jambo hilo linanikera kwa muda mrefu, na ndiyo maana naandika haya kwa Kiswahili.

Mimi nilimjua kupitia kwa mjomba. Alikuwa baharia, na mwaka 1989 alirudi na kaseti ya The Miracle, ile yenye picha ya nyuso nne zilizounganishwa zikawa uso mmoja mpana wenye macho mengi. Bibi aliiona mezani akaifunika kwa kitambaa, akasema haikai vizuri kuitazama. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tuliicheza kwenye redio kaseti ya mjomba mpaka utepe ukaanza kuvuta, sauti ikawa inapanda na kushuka kama mtu aliye ndani ya mashua. Nyimbo kumi. Nilizikariri zote bila kuelewa nusu ya maneno.

Tulichokuwa hatukijui, wala ulimwengu haukukijua, ni kwamba Freddie alikuwa ameshaambiwa tangu 1987 kuwa ana virusi vya Ukimwi. Onyesho lake la mwisho na bendi, lile la Knebworth, Uingereza, lilikuwa limeshapita, Agosti 1986. Brian naye ndoa yake ya kwanza ilikuwa inavunjika. Katika hali hiyo ndipo walipokubaliana jambo ambalo bendi nyingi hugombania mpaka zinakufa: kila wimbo uandikwe jina la wote wanne, asitajwe aliyeutunga. Walirekodi vitu zaidi ya thelathini, vingine vikiwa vipande tu. Kumi vikaingia kwenye santuri, vichache vikawa upande wa pili wa singo, vilivyobaki vikafungiwa.

Hivyo vilivyofungiwa ndivyo vilivyofunguliwa tarehe 18 Novemba 2022 katika The Miracle Collector's Edition. Ni boksi kubwa lenye santuri moja, CD tano, DVD, Blu-ray na kitabu cha kurasa 76 chenye jalada gumu. Dada yangu alilinunua London, akampa mtu aliyekuwa anakuja Unguja, likanifikia pembe moja imebonyea lakini vilivyomo vyote salama. Bei yake ilizidi kodi ya nyumba yangu ya mwezi, nalisema hilo mapema ili nisije kuonekana naficha.

Nianze na wimbo wenyewe.

Gitaa la Brian linaingia likiwa na mwangwi mrefu, kama mtu anagonga ukuta wa ngome na kusubiri ukuta umjibu. Ngoma za Roger zinapigwa moja, kimya, moja. Halafu Freddie anaingia chini, kwenye sauti ile ya kifuani ambayo hakuitumia sana katika nyimbo zake zinazopigwa kila siku. Hapigi kelele. Anaimba juu ya kitu cha karibu kabisa na moyo kinacholipuka ndani yako, na kwamba mwisho wa yote utakikabili peke yako. Maneno ni machache na yanarudiwarudiwa. Sauti inapanda kidogo kidogo, na inapofika juu haikai, inashuka tena.

Sasa niseme kama fundi. Kuunga wimbo wa mtu aliyekufa kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kujaza. Unasikia pengo, unaona aibu nalo, unaweka waitikiaji, vinanda na gitaa la pili. Queen wenyewe waliwahi kufanya hivyo. Mwaka 1995, kwenye albamu ya Made in Heaven, walizijengea sauti alizoziacha Freddie nyumba nzima, na nyingine zilipendeza sana. Mwaka 2014 wakatoa Let Me in Your Heart Again, iliyoanza kurekodiwa wakati wa albamu ya The Works, na hiyo masikioni mwangu imejaa mno, natafuta pa kuweka mguu. Kishawishi cha pili ni kusafisha. Hicho nakijua kwa mikono yangu. Tumewahi kusafisha sahani za zamani za taarabu, za wakati wa Siti binti Saad, ambaye alirekodi Bombay mwaka 1928. Ule mchirizo wa sindano unaudhi, unaufuta, unaufuta tena, na unapomaliza unakuta umefuta na koo la mwimbaji. Kilichobaki ni sauti safi ya mtu asiyepumua.

Katika Face It Alone mafundi wamekikwepa kishawishi cha kwanza kabisa, na cha pili kwa kiasi kikubwa. Wameacha uwazi. Baina ya mstari na mstari pana nafasi ambayo mtu mwingine angeitia vinanda, wao wameacha mwangwi wa gitaa ujifie wenyewe. Pumzi za Freddie zinasikika. Nilipougundua uwazi huo, kwenye kusikiliza mara ya pili, ndipo nilipolia. Ile mara ya kwanza nilikuwa natafuta mishono.

Na mishono ipo, kwa anayeitafuta. Kuna mahali kibwagizo kinarudi na mimi nasikia kuwa ni kipande kile kile, kimewekwa tena. Sikuwalaumu. Mtu aliimba mara chache wimbo ambao haujakamilika, huwezi kumwomba arudi studio.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2023, bendi ya Beatles ilipotoa Now and Then, nayo kwa sauti ya mwenzao aliyekwishafariki, John Lennon, wenzangu kazini waliniuliza kama ni mambo yale yale. Hapana, na tofauti yake inafaa kujulikana. Lennon alijirekodi nyumbani, sauti na piano vikiwa vimechanganyika kwenye kaseti moja. Wenzake walijaribu miaka ya tisini wakashindwa, mpaka ilipopatikana programu ya kompyuta inayoweza kuitambua sauti ya mtu na kuitoa katika piano kama unavyotoa mwiba katika samaki. Queen walikuwa na kanda za studio, kila kitu kimekaa kwenye njia yake. Sauti ya Freddie ilikuwa peke yake tangu siku ile ya 1988. Kilichohitajika kilikuwa sikio, subira na ujasiri wa kuacha.

Katika watu wangu wanaowapenda Queen, kila mmoja aliupokea kivyake, na nimebishana nao wote.

Rafiki yangu wa Muscat, tuliyesoma naye skuli kabla hawajahama, alinitumia ujumbe wa sauti saa saba ya usiku. Ulikuwa wa sekunde kumi tu: "Dada, huyu alikuwa anatuaga, na sisi tulikuwa tunacheza." Tangu hapo hausikilizi tena. Anasema umekaa kama maombolezo, na yeye kwa Freddie anataka furaha. Namwelewa, ila sikubaliani naye kwamba Freddie alikuwa anaaga. Mwaka huo huo wa 1988 alitoa albamu ya Barcelona pamoja na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, kazi nzito kuliko zote alizojaribu. Mtu anayeaga hafungui biashara mpya. Nikiisikiliza sauti hii nasikia mtu anayefanya kazi.

Kijana ninayefanya naye kazi, wa miaka ishirini na nne, aliwajua Queen kwa ile filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akavua hedifoni, akasema, "Shikamoo yake, bi mkubwa, lakini mbona wimbo haufiki popote?" Alikuwa anangojea upande wa pili, pale ngoma zinapoingia zote na watu wanasimama. Haupo. Nilimwambia asikilize tena usiku, taa zimezimwa. Alirudi kesho yake akasema bado haufiki popote, ila sasa anaona hapo ulipo panatosha. Jibu hilo nimeliweka.

Mgumu zaidi ni jamaa wa Mombasa, mkusanyaji. Toleo ghafi la wimbo huu lilikuwa linapita mikononi mwa mashabiki miaka mingi kabla ya 2022, limenakiliwa mpaka linakoroma, naye alikuwa nalo. Kwake yeye, toleo jipya limepigwa pasi. Anasema katika lile la zamani alimsikia mtu chumbani, na katika hili anamsikia mtu kanisani. Ule mwangwi mwingi ndio unaomkera. Nimezilinganisha hizo mbili kwake, kwenye spika zake kubwa, na ni kweli kwamba lile ghafi lina ukaribu ambao hili halina. Lakini lile halisikiki mpaka ujue unatafuta nini. Mtoto wangu hakuweza kutambua hata kama ni Freddie. Wimbo ambao ni watu wachache tu duniani wanaoweza kuusikia, mimi siuhesabu kuwa umesikika.

Sasa vitu adimu vilivyomo ndani ya boksi, na hapa ndipo nilipokaa sana.

Diski ya pili inaitwa The Miracle Sessions. Ina nyimbo sita ambazo hazikuwahi kutolewa rasmi, Face It Alone ikiwemo, pamoja na matoleo ya mwanzo ya nyimbo tunazozijua. Dog With a Bone ni roki ya kukwaruza, watu wanajifurahisha, na nadhani hata wao wenyewe hawakuiwekea matumaini. Water na You Know You Belong to Me anaimba Brian, na sauti yake nyembamba inakaa vizuri katika hii ya pili, mpaka nikawa naipiga asubuhi nikipika chai. When Love Breaks Up ni fupi, na ukiisikia utashtuka: ndiyo mbegu ya ule utangulizi wa Breakthru, wimbo wa albamu hiyo hiyo, pale sauti zinapoimba polepole kabla mdundo haujaanza kukimbia kama treni. Miaka yote nilidhani utangulizi ule ulitungwa kwa ajili ya wimbo ule. Kumbe ulikuwa wimbo mwingine uliokatwa ukapandikizwa.

I Guess We're Falling Out ndio unaoniuma. Una kiini cha wimbo mkubwa, sauti yake inashika papo hapo, lakini maneno hayakukamilika na Freddie anapita mahali pengine kwa kuguna tu, akishikilia nafasi ambayo maneno yangekuja baadaye. Hayakuja. Wangeumaliza huu mwaka 1988, tungekuwa tunauimba mpaka leo. Kwa mafundi nina shukrani moja kubwa: hawakujaribu kuufanya uonekane umekwisha.

Halafu kuna mazungumzo. Kabla na baada ya vipande hivi wameacha sauti za wanne wakiwa studio, London na Montreux, wanataniana, wanakosea, wanasimamishana, wanaanza tena. Nilikuwa sikutegemea kwamba hii ingekuwa sehemu nitakayoirudia kuliko zote. Katika kazi yangu vitu hivi ndivyo tunavyovitupa kwanza, kikohozi, kiti kinacholia, "subiri, nimekosea." Maelfu ya sauti za waimbaji wetu wa hapa zimepotea kwa wembe wangu na wembe wa wenzangu, kwa sababu kilichotakiwa kwenda hewani kilikuwa wimbo tu. Tangu nilisikilize boksi hili sikati tena. Nimeomba kazini tuwe na faili la pembeni, kila tunachokitoa kiende humo, na tumeanza.

Diski ya ala tupu nayo msiiache. Ukitoa sauti ya Freddie kwenye The Invisible Man, ndipo unajua kuwa wimbo ule umebebwa na besi ya John Deacon tangu mwanzo hadi mwisho, ameipiga kama anayetembea barabarani bila haraka. Deacon hasemi mengi mahali popote. Hapa anasikika.

Diski ya mahojiano ina kipindi cha redio ya BBC cha 1989, wote wanne wamekaa pamoja. Freddie anaeleza kwa nini hawatafanya ziara safari hii, kwamba amechoshwa na ule mzunguko wa albamu, ziara, albamu, ziara. Anaongea kwa uchangamfu. Kwa tunavyojua leo, nililazimika kusimamisha mara mbili. Video zipo tano, na ile ya The Miracle, ambayo watoto wanne wanaigiza kuwa Queen na mwisho wanakutana na wenyewe, binti yangu ameitazama mara nyingi kuliko mimi.

Santuri nayo ina jambo lake. Too Much Love Will Kill You ilikuwa iwe kwenye albamu ya 1989, ikaondolewa kwa sababu za haki za wachapishaji, na watu wakaja kuisikia kwa sauti ya Freddie mwaka 1995. Humu imerudishwa ndani ya The Miracle, na albamu nzima inabadilika uzito. Ile kaseti yetu ya mjomba ilikuwa na furaha nyingi iliyokuwa kama inaficha jambo. Wimbo huu ukiwepo, hakuna kinachofichwa.

Mabaya ninayo. CD ya kwanza ni albamu ile ile kwa usafishaji wa 2011, na wengi wetu tulishakuwa nayo. DVD na Blu-ray zimebeba mambo yale yale, unalipia mara mbili. Nyimbo mpya kabisa ni sita tu katika diski nane, na kwa bei ile ningetaka matoleo zaidi ya hatua kwa hatua, hasa ya Was It All Worth It, ambayo kwangu ndiyo kilele cha albamu. Kitabu kina picha nzuri, mwandiko wa Freddie mwenyewe upo kidogo, ila kuhusu alikotoka mtu huyu utasoma machache. Mzanzibari anayekifungua akitafuta kwao, asitegemee.

Ushauri wangu kwa mwenye mfuko kama wangu: lipo toleo la CD mbili, lina albamu na The Miracle Sessions. Hilo linatosha. Boksi kubwa linunue ukiwa unataka kuisikia besi ya Deacon peke yake, au ukiwa na mtu wa kulisikiliza naye.

Mimi nilikuwa naye. Mjomba sasa ana miaka themanini na miwili, macho yamepungua, masikio bado. Nilimpelekea Ijumaa moja baada ya chakula, nikamvisha hedifoni. Alisikiliza Face It Alone akiwa amefumba macho, hakusema kitu. Nikamwekea The Miracle Sessions tangu mwanzo. Ilipofika kwenye mazungumzo ya studio aliinua mkono, akaniashiria nirudishe.

"Wimbo, mjomba?"

"Wimbo nitausikia baadaye. Nirudishie hapo wanapocheka."